Mbwa aliyefungwa nje ndiye aliyesikia jina langu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nitoe dukuduku ambalo nimekaa nalo tangu mwezi uliopita. Mimi ni fundi cherehani, naishi Kihonda hapa Morogoro, na ni kiziwi. Sikuzaliwa hivyo. Naongea kama watu wengine, na kwa sababu hiyo wengi hawaamini nikiwaambia sisikii.

Mwezi uliopita nilikwenda kliniki kwenye kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja. Nilifika saa moja na nusu asubuhi na mbwa wangu, Popi, akiwa kwenye kamba, amevaa koti lake la khaki nililomshonea mwenyewe, lenye maandishi mgongoni: MBWA YUKO KAZINI, USIMGUSE. Mlinzi wa getini akanionyesha kwa mkono kwamba mbwa haingii. Nikatoa kadi yake ya chanjo, nikaeleza kwamba huyu ndiye masikio yangu. Mlinzi hakuwa mkali. Alitikisa kichwa tu, akanionyesha mwarobaini ulio karibu na madirisha, nimfunge pale. Nikamfunga. Nikaingia, nikatoa kadi yangu dirishani, nikamwambia binti wa mapokezi kwamba sisikii, tafadhali zamu yangu ikifika mtu anishike bega. Akaitikia kwa kichwa. Nikakaa kwenye benchi.

Watu niliowakuta waliingia wakatoka na dawa zao. Walionikuta nao wakaingia wakatoka. Ikafika saa nne, ikafika saa sita. Kila nesi alipotokea mlangoni na rundo la mafaili nilikodolea macho midomo yake, lakini alikuwa amevaa barakoa, na mtu aliyevaa barakoa kwangu ni sawa na ukuta. Saa nane kasoro nikaenda dirishani. Yule binti wa asubuhi alishatoka zamu. Aliyekuwepo akaniandikia kwenye kikaratasi: "Umeitwa mara tatu hukuitika. Faili limerudishwa. Njoo kesho."

Nilipotoka nje, mama mmoja anayeuza karanga chini ya ule mwarobaini alinishika mkono. Akawa anatamka polepole, akichanganya na ishara, mpaka nikamwelewa. Aliniuliza, mbwa wako leo alikuwa na nini? Alikuwa amelala ametulia, halafu ghafla anainuka, anavuta kamba kuelekea dirisha lile, anarudi, anavuta tena. Kisha analala. Baadaye tena vilevile. Mara tatu. Kila mara ni pale nesi alipoita jina kwa sauti kubwa, na madirisha yote yalikuwa wazi. Nikamuuliza jina gani. Akanitajia. Lilikuwa jina langu la kwenye faili. Popi nimemfundisha majina yangu yote mawili, la kwenye faili na la Mama Rehema ninaloitwa mtaani. Kamba ilikuwa imechubua gome la mti, na pale ilipopita palikuwa na mstari mweupe, mbichi.

Nimeufikiria mstari ule siku nyingi. Naomba wasomaji wanivumilie nieleze nimefikaje hapa, maana nikiishia kwenye kisa cha mlinzi watu watadhani ninalalamika kwa ajili ya mnyama ninayempenda tu.

Mwaka 2014 niliugua kifua kikuu sugu, kile kisichosikia dawa za kawaida. Wakati ule tiba yake ilikuwa na sindano ya kila siku kwa miezi mingi. Sindano za kundi lile, kanamaisini na nyinginezo, ziliokoa maisha ya watu wengi, na kwa baadhi yetu ziliondoka na masikio. Kwangu ilianza kama mlio wa nyenje, usiokatika usiku wala mchana. Baadaye nikawa namwambia kila mtu arudie alichosema. Kufikia mwanzoni mwa 2015 walibaki nyenje peke yao. Simlaumu mtu yeyote, bila sindano ile leo ningekuwa kaburini. Nashukuru kwamba Shirika la Afya Duniani liliacha kuipendekeza kanamaisini mwaka 2019, na wagonjwa wengi wa sasa wanatibiwa kwa vidonge vitupu.

Anayekuwa kiziwi ukubwani huanza kupoteza vitu ambavyo hakujua kama ni vitu. Mimi cha kwanza kilikuwa hodi. Wateja walikuja mlangoni na vitambaa vyao, wakapiga hodi, wakaniona kwa dirishani nimeinamia cherehani, wakaondoka wakisema fundi siku hizi anaringa. Nilipoteza nusu ya kazi zangu kwa hodi tu. Cha pili kilikuwa usiku. Mume wangu ni dereva wa lori la kwenda Tunduma, na mara nyingi hayupo. Binti yangu Rehema alikuwa na miaka mitatu na ushee. Mtoto wa umri huo akiamka usiku ana homa, anaita. Nani atamsikia? Nilikuwa nachana kanga kuukuu, kipande chembamba, ncha moja naifunga kwenye kifundo cha mkono wake na nyingine kwenye mkono wangu. Akitaka kitu anavuta. Tulilala hivyo miaka saba.

Sasa Morogoro yetu ina jambo ambalo watu wa miji mingine hawanalo. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kuna kituo cha APOPO, wanaofundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini, na wengine kunusa makohozi ili kutambua kifua kikuu. Wenyewe wanasema panya mmoja anapitia sampuli 100 kwa dakika kama 20, kazi ambayo mtaalamu wa maabara anaweza kuifanya kwa siku nne. Mimi niliyepita kwenye ugonjwa huo nawaheshimu panya wale kuliko watu wanavyodhani. Septemba 2020, panya aliyeitwa Magawa, aliyezaliwa hapahapa Morogoro na kupelekwa kufanya kazi Kambodia, alipewa medali ya dhahabu na PDSA, shirika la wanyama la Uingereza. Kijana mmoja aliyekuwa amepanga chumba cha uani kwetu alikuwa akifanya kazi ya kufundisha panya. Alikuja kunionyesha picha kwenye simu: panya kavaa medali ndogo kifuani.

Nikamuuliza, panya mnamfundishaje? Akaandika kwenye daftari langu, ambalo ninalo mpaka leo. Wana kidude kinacholia "tik". Panya akipata jibu sahihi anasikia tik, na kila tik inafuatwa na chakula, ndizi au karanga. Hakuna kumchapa, hakuna kumkaripia. Miezi kama tisa mpaka panya aive. Nilisoma maandishi yale mara mbili, nikamuuliza swali ambalo nadhani lilibadilisha maisha yangu: kama panya anaweza kumwambia mtu hapa kuna bomu, mbwa hawezi kuniambia kuna mtu mlangoni?

Mwanzoni tulidhani ni wazo letu. Kumbe huko nje wanaita mbwa wa kusikilizia, na si jipya. Uingereza wana shirika la kuwafundisha tangu 1982, Marekani walianza miaka ya 1970. Mbwa wa kuongoza vipofu ni wa zamani zaidi: shule ya kwanza ilifunguliwa Oldenburg, Ujerumani, mwaka 1916, kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Lakini mbwa aliyefundishwa na shule za Marekani hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Fundi wa Kihonda atazipata wapi? Ikabidi nifundishe mwenyewe.

Kwanza ni kuchagua. Huko Mazimbu kulikuwa na mbwa wa kienyeji aliyezaa watoto watano. Nilikwenda wakiwa na wiki nane, mkononi nina mfuniko wa sufuria. Kijana wa panya alikuwa ameniambia nisimchukue anayenirukia kwa pupa, wala anayejificha. Niliuangusha mfuniko sakafuni. Wote walikimbia. Wawili hawakurudi kabisa. Mmoja, jike la rangi ya udongo wa matofali, alirudi nyuma hatua chache, akasimama, akageuza kichwa, kisha akaja taratibu mpaka kwenye mfuniko, akaunusa. Ndiye Popi.

Kidude cha tik hatukuwa nacho. Tukatumia kifuniko cha bati cha chupa ya jamu, kile chenye kitufe katikati kinachobonyea. Mimi siusikii mlio wake, ila naupata kwenye kidole gumba: kinabonyea, kinarudi. Siku tatu za mwanzo sikumwambia Popi afanye kitu chochote. Nabonyeza, nampa kipande cha dagaa. Nabonyeza, dagaa. Siku ya tatu nilibonyeza yeye akiwa anachezea ufagio, akauacha ufagio akaja mbio. Hapo nikajua ameelewa.

Baada ya hapo ni kumfundisha kugusa. Alitakiwa anisukume kwa pua kwenye paja, juu kidogo ya goti, kwa sababu nikiwa kwenye cherehani cha miguu magoti yenyewe hayatulii. Hilo lilichukua wiki mbili. Kisha ndiyo ikaja kazi kubwa, yaani sauti.

Na hapa kuna tatizo ambalo mwalimu mwenye masikio hawezi kulijua. Zawadi lazima imfikie mbwa papo hapo, ndani ya sekunde moja hivi, la sivyo anadhani amelipwa kwa jambo jingine. Mimi nitajuaje kwamba hodi imepigwa sasa hivi? Tulihangaika wiki nzima. Nilikuwa nabonyeza kwa kuchelewa, nikawa namlipa Popi kwa kujikuna. Aliyepata jibu ni Rehema, akiwa na miaka tisa. Alichukua kile kipande cha kanga cha usiku, akanifunga mkononi kama tulivyolala, akapitisha ncha nyingine chini ya mlango, akatoka nje. Akipiga hodi, anavuta. Navutwa, namtazama Popi, kama masikio yamesimama na shingo imegeukia mlangoni, nabonyeza. Dagaa. Tulirudia mara ishirini asubuhi, mara ishirini jioni. Alipozoea kugeuka, sikumlipa tena kwa kugeuka peke yake, mpaka ageuke na kuja kunigusa. Alipozoea kunigusa, sikumlipa mpaka aniguse kisha aongoze mpaka mlangoni. Hatua moja moja, kama mtu anayeshona pindo la kanzu: ukiruka mshono mmoja, lote linafumuka.

Nilikosea pia, na nalisema ili mwingine asipitie huko. Siku moja Popi alimfukuza kuku wa jirani, nikampiga kwa kandambili. Kwa wiki tatu hakunisogelea nikiwa nimeshika kitu mkononi, hata kama ni dagaa. Kazi ya miezi miwili ikarudi mwanzo. Kijana wa panya hakunigombeza, aliniandikia tu kwenye daftari: "Dada, panya huwezi kumchapa halafu akakutafutia bomu." Sijamwinulia Popi mkono tena tangu siku ile.

Leo anajua hodi, majina yangu mawili, mlio wa simu, jiko la presha, na sauti ya Rehema akisema "mama" usiku. Na kuna yowe. Hilo nililifundisha kwa namna ya peke yake, kwa kusoma jinsi wenzetu wa Uingereza wanavyofanya kwa king'ora cha moto. Kwa sauti nyingine Popi hunigusa akanipeleka inakotoka. Kwa yowe hunigusa kisha hulala chini palepale, tumbo sakafuni, hasogei. Kunakotoka yowe ndiko kuliko na hatari, hatakiwi kunipeleka huko kabla sijatazama mwenyewe. Honi za bodaboda sikumfundisha kabisa. Barabarani nasoma masikio yake: sikio la kulia likirudi nyuma, nami nakaa pembeni.

Kazi za nje tulianza polepole. Jumapili asubuhi kwenye Soko la Chifu Kingalu kabla wachuuzi hawajajaa, baadaye siku za kazi, mwisho kabisa stendi ya Msamvu, ambako hata mtu mzima anaweza kuchanganyikiwa. Lazima apite mbele ya bucha bila kunusa, alale chini ya kiti cha daladala bila kutoa mkia njiani, asibweke, asiombe chakula cha mtu. Shirika la kimataifa la wenye mbwa wasaidizi, IAADP, linapendekeza angalau saa 120 za mafunzo kwa miezi sita, na 30 kati yake ziwe hadharani. Daftari langu lilifika saa 400 ndipo nikamshonea koti. Ilikuwa Julai 2022, mwaka mmoja na miezi minane tangu mfuniko wa sufuria. Usiku wa kwanza nilipoiweka kanga kabatini sikulala vizuri, mkono ulikuwa mwepesi mno. Saa tisa usiku nikahisi pua ya baridi kwenye paja. Rehema alikuwa ameniita, tumbo linamuuma.

Najua kuna msomaji anayesema moyoni: lakini mama huyu ni Mwislamu, na mbwa ni najisi. Sitaki kulikwepa. Kabla sijamleta Popi nyumbani nilikwenda kwa ustadhi wetu. Alinijibu kwa utulivu. Alisema sisi tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafi mate ya mbwa ni najisi, chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini kufuga mbwa kwa haja, wa kuwinda, wa mifugo, wa shamba, kumeruhusiwa tangu mwanzo, na haja ya kiziwi si ndogo kuliko ya mchungaji. Akanikumbusha kwamba Suratul Maida aya ya nne inazungumzia wanyama wa kuwinda waliofundishwa, na kwamba Suratul Kahf inamtaja mbwa wa watu wa pangoni, kanyoosha miguu yake kizingitini. Kwa hiyo Popi ana bakuli lake, mkeka wake, hapiti ninaposalia, na koti lake ni kavu wakati wote. Msikitini simwingizi. Hata Leicester, Uingereza, mwaka 2008 wanazuoni waliporuhusu kijana kipofu aje msikitini na mbwa wake, mbwa alitengewa mahali pake mlangoni. Mtu mwingine anaweza kuwa na rai tofauti na ninaiheshimu. Naomba tu asidhani sikujiuliza.

Hofu ya mbwa nayo naielewa. Mbwa wengi wa mitaani kwetu wamekua kwa mawe, nao wanajibu kwa meno. Na kichaa cha mbwa si hadithi: karibu watu wote wanaokufa kwa ugonjwa huo duniani wameambukizwa na mbwa, na dalili zikishatokea karibu hakuna anayepona. (Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha akimbilie chanjo siku hiyohiyo, asisubiri kuona mbwa atakuwaje.) Popi anachanjwa kila mwaka, na kadi iko mfukoni mwa koti lake. Mlinzi wa kliniki angeisoma, angekuwa na hakika zaidi juu ya Popi kuliko juu ya paka wanaozunguka jikoni kwao.

Sasa ombi langu. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010. Ibara ya 20 ya Mkataba inazungumzia haki ya mtu kwenda huku na huko kwa kujitegemea, na inataja vifaa pamoja na msaada ulio hai. Mimi nausoma mstari huo ukimjumuisha Popi. Lakini mlinzi wa getini hawezi kusoma Mkataba saa moja asubuhi. Anahitaji kanuni inayomtaja mbwa msaidizi kwa jina, na tangazo ukutani.

Marekani sheria yao ya 1990 inamruhusu mwenye ulemavu kumfundisha mbwa wake mwenyewe. Mfanyakazi wa duka au hospitali, ikiwa haonekani wazi mbwa ni wa kazi gani, anauliza maswali mawili tu: je, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu? Amefundishwa kufanya kazi gani? Haruhusiwi kudai karatasi. Mbwa akifanya fujo au akijisaidia ndani, anaweza kutolewa. Maswali yale mawili nayapenda mno, na mtu yeyote anaweza kuyashika kichwani. Ila kwenye karatasi mimi natofautiana na Wamarekani. Binamu yangu anayeishi Columbus, Ohio, ananiambia huko mtu anaweza kununua koti mtandaoni, akamvisha mbwa asiyejua chochote, akaingia naye dukani, na mbwa wa kweli ndiye anayebebeshwa lawama. Hapa kwetu, penye kichaa cha mbwa, naona ni haki kudai kadi ya chanjo, na naona ni haki mbwa apimwe tabia. Daktari wa mifugo wa halmashauri anaweza kukaa na mimi nusu siku: tupite sokoni, tupande daladala, apige hodi, aangushe mfuniko. Akiridhika anipe kibali cha mwaka mmoja. Asiporidhika aniambie nini kimepungua nirudi nikafundishe.

Nisichokubali ni kanuni itakayosema lazima mbwa atoke kwenye shule inayotambulika. Nasikia mawazo hayo kila ninapolizungumza jambo hili, na yanatoka kwa watu wenye nia njema. Kanuni ya namna hiyo kwetu ina maana kwamba hakuna mwenye ulemavu atakayepata mbwa, isipokuwa mwenye dola. Tupimwe kwa kazi ya mbwa. Wenzangu wa CHAVITA, yaani Chama cha Viziwi Tanzania, na wenzetu wa vyama vya wasioona, naomba tulijadili pamoja kabla mtu mwingine hajatuandikia. Na wale vijana waliojifunza kufundisha panya hapa Morogoro, utaalamu wao ni hazina. Wachache wao wakilipwa kwa siku chache kwa mwezi wawafundishe wenye ulemavu jinsi ya kufundisha, tungekuwa tumeanza.

Kwa wenzangu wa mtaani nina maombi madogo. Mkimwona Popi na koti, msimwite, msimpigie mluzi, msimrushie mfupa. Akikugeukia wewe, kwa sekunde hizo mimi sina masikio. Watoto wamfurahie kwa mbali, akivuliwa koti jioni anacheza nao, na wa mtaani kwetu wanalijua hilo vizuri kuliko wakubwa. Makonda wa Kihonda nawashukuru. Wa kwanza alinitoza nauli ya mtu mzima kwa ajili ya Popi, nikalipa bila ubishi. Siku hizi wengi wananiachia kiti cha nyuma ya dereva, ambako chini kuna nafasi ya yeye kulala.

Popi sasa anaelekea miaka mitano. Bado ana miaka kadhaa ya kazi, lakini nimeshaanza kuulizia watoto wa mbwa, maana mwingine atahitaji muda mrefu kama alioutumia yeye, na Rehema, ambaye mkono wake ndio ulikuwa hodi yetu, mwakani huenda akawa shule ya bweni.

Kliniki yangu imepangwa tena Jumanne ya pili ya mwezi ujao. Nitafika saa moja na nusu na Popi, koti lake limefuliwa, kadi ya chanjo mfukoni. Nimemwandikia mganga mkuu wa kituo barua nikimweleza niliyoyaeleza hapa, na nimeambatanisha nakala ya kadi. Naomba yeyote atakayekuwa getini siku hiyo aniulize yale maswali mawili. Nimeshajiandaa kuyajibu.

Wako mtiifu,
Mama Rehema, fundi cherehani,
Kihonda, Morogoro